Dripu ya tisa

Mwenzangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na swali lenyewe nimelikuta mwishoni kabisa, pale watu wanapoficha jambo lililowafanya waandike. Kemo ya limfoma yetu, hii saratani ya seli za kinga, imeisha, vipimo vimetoka safi, na bado wanataka uendelee na dripu miaka miwili mingine. Ya nini? Nami niliuliza hivyohivyo, tena kwa hasira.

Jana nimetundikiwa ya tisa. Ni dawa ya rituksimabu peke yake, bila kemo, kila baada ya miezi miwili, mpaka zitimie 12. Usiiogope kama ulivyoiogopa kemo. Nywele hazing'oki, na mimi sijatapika hata siku moja. Wanaanza kukupa parasetamoli na dawa ya mzio, na hiyo ya mzio ndiyo inayonilaza. Nusu ya dripu huwa siioni. Ipo pia sindano ya chini ya ngozi, inachukua kama dakika tano tu. Waulize kama wanayo.

Sasa hiyo "ya nini". Limfoma yetu ya folikula hukua polepole, lakini kuing'oa mpaka mzizi ni kazi. Huondoka, hutulia, hurudi. Dripu hizi ni za kuichelewesha isirudi. Daktari wangu alinisomea matokeo ya utafiti uitwao PRIMA, nami nilimwomba asinipambie. Kati ya waliopewa dripu za ziada, nusu walikaa zaidi ya miaka 10 bila ugonjwa kuendelea. Kwa walioachwa wakiangaliwa tu, ilikuwa kama miaka minne. Nikafurahi. Kisha akaniambia la pili: baada ya miaka hiyo 10, walio hai walikuwa karibu 80 katika kila 100, kundi hili na lile. Waliorudiwa na ugonjwa walitibiwa upya, maisha yakaendelea.

Kwa hiyo ninachopata si umri, ni mapumziko. Nilinyamaza pale kitini kwa muda, maana nilikuwa nimekuja kuambiwa la kufanya, kumbe naulizwa mimi. Nilikubali kwa sababu kemo ilinivunjavunja, unakumbuka ulivyonikuta, na sitaki tuonane nayo mapema. Wewe ukikataa sitakuona mjinga hata kidogo.

Ninacholipa ni kinga. Dawa hufagia seli B zote, zile seli za kinga ambamo saratani yetu ilianzia, nzuri na mbovu. Mwaka huu kifua kimenibana mara mbili, zote nimemeza antibiotiki, na mafua yanayowapitia wengine kwa siku tatu kwangu yanapanga chumba. Chanjo nazo hazishiki vizuri, kwa kuwa seli za kujifunza ndizo zilizofagiwa. Zile zenye virusi hai usichome kabla ya kumuuliza daktari. Na ukipata homa, usingoje asubuhi.

La kuchosha zaidi halimo kwenye karatasi za hospitali. Watu wameshanipongeza kwa kupona, wamemaliza. Kila nikiomba ruhusa kazini siku ya dripu, naona nyuso zinajiuliza: huyu si alipona? Sina jibu fupi. Mgonjwa si mimi, mzima si mimi. Siku mbili kabla ya dripu najipapasa shingo na makwapa mbele ya kioo kama mtu aliyepoteza funguo.

Na nikuambie ambalo sijamwambia hata daktari: zimebaki tatu, na ninayoiogopa ni ya 12. Baada yake hakuna tena wa kunishika tezi kila miezi miwili na kusema hamna kitu. Dripu niliyoipokea kwa hasira imegeuka kuwa mkongojo wangu.

Usijibu ukiwa pale kliniki. Omba wiki moja, limfoma hii haina haraka hiyo. Kisha niandikie umeamua nini, na safari hii liweke mstari wa kwanza.

Ni mimi mwenzako