Barua ya wazi kwa Meneja wa TCRA Kanda ya Kaskazini: ile namba ya tapeli ina kidole cha nani?

Kwa Meneja,
Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Kanda ya Kaskazini,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: LAINI ZA MATAPELI, PROGRAMU MBOVU NA MEZA ZETU MAFUNDI SIMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi simu hapa mjini, jirani na Stendi Ndogo. Kazi yangu ni vioo, betri na sehemu za kuchajia. Lakini siku hizi wengi wanaokaa kwenye benchi langu simu zao ni nzima kabisa, zinawaka, hazina hata mkwaruzo. Kilichopotea ni salio. Mtu amepigwa, yaani ametapeliwa, na kwa kuwa amepigwa kupitia simu, anamletea fundi. Kwa hiyo naandika ninayoyaona mezani, simsemei mtu wala kikundi chochote.

Nianze kwa kuwatendea haki. Kampeni ya Sitapeliki imefika huku. Dereva bodaboda wa Sakina atakuambia bila kufikiri kwamba namba ya siri haitajwi, kwamba huduma kwa wateja hupiga kwa namba 100 tu, na kwamba ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unapelekwa 15040. Watu wanajua, na bado wanapigwa. Matangazo yote yanaongea na anayeibiwa: awe makini, asidanganyike, ahakikishe. Mama anashusha karoti Soko la Kilombero alfajiri, mtoto wake yuko bweni, anapigiwa na "mwalimu" kwamba mtoto amezidiwa usiku, yuko hospitali na dawa inasubiri hela. Huyo awe makini kiasi gani? Tapeli anaijua saa ambayo mzazi hawezi kufikiri, na ndiyo anayoichagua.

Tuzungumze basi juu ya laini yenyewe. Tangu Mei 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, na Januari 2020 mlianza kuzima zile ambazo hazijasajiliwa. Foleni tulizipanga, jua likatuchoma, tukaambiwa tapeli sasa hana pa kujificha. Nami nauliza kama watu wa mtaani wanavyoniuliza: ile namba iliyompigia mama wa karoti ina kidole cha nani? Maana kidole kipo, bila hicho isingekuwa hewani.

Mara nyingi ni kidole cha mtu asiye na habari. Namna inavyofanyika wewe unaijua, niwaeleze wasomaji wengine. Kijana amekaa chini ya mwavuli na kimashine chake cha vidole, analipwa kwa idadi ya laini anazosajili. Bibi ameshuka kutoka Ngaramtoni, laini yake imepotea, anataka kuirudisha. Anaweka kidole. "Bibi, haijasoma. Futa jasho, weka tena." Anaweka. "Tena bibi, bonyeza sana." Bibi anaondoka na laini moja, akimshukuru kijana kwa uvumilivu, na nyuma yake zimebaki laini nyingine zenye jina lake. Kinachoniumiza ni kwamba vidole vya wakulima kweli vina sugu na mara nyingine kweli havisomi. Kijana mwaminifu na kijana mwizi wanasema maneno yaleyale, na bibi hana namna ya kuwatofautisha.

Nimejijengea mazoea: mteja akiridhia, namwonyesha *106# aangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wengine hawakuti kitu. Wengine wanakuta namba wasizozijua. Mzee mmoja wa Monduli alikuta namba ya mtandao ambao hajawahi kuutumia maishani mwake, akaniuliza kama hiyo namba ikimwibia mtu, polisi watakwenda kwa nani. Swali lake nalileta kwako kama lilivyo.

Ombi langu hapa ni la kiufundi na sidhani ni gumu. Kidole kinapofungua laini mpya, namba nyingine zote za mwenye kitambulisho hicho zipate ujumbe papo hapo, zikitaja mtandao na mahali iliposajiliwa. Msajili wa mwavuli asilipwe senti kwa laini ambayo mwenyewe hajathibitisha kwamba ni yake. Na kuikana namba kuwe rahisi kama kuiona: nikiiona kwenye menyu, niikatae kwenye menyu hiyohiyo. Uwezo mnao. Juni 2016 mlizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia namba zake za IMEI, zile zinazotambulisha kila simu, na nakumbuka asubuhi yake wateja walivyonijia wakidhani betri zimekufa. Wakati ule mlibana simu zilizokuwa mikononi mwa wananchi. Sasa zibaneni laini zilizo mikononi mwa wezi.

La pili ni dakika za mwanzo baada ya wizi. Hela ya wizi hailali. Ikiingia inatolewa kwa wakala au inarukia namba nyingine, mara nyingi ya mtandao mwingine. Aliyeibiwa anapiga 100, anasikiliza bonyeza moja bonyeza mbili, anaambiwa akachukue RB, ile namba ya taarifa ya polisi, kituoni. Akirudi na RB dukani anaambiwa hela imeshakwenda mtandao mwingine, aende huko. Mitandao yetu ilianza kukubaliana kutumiana fedha mwaka 2014. Hela inavuka kwa sekunde, malalamiko yanavuka kwa miguu, tena kwenye jua la saa saba. Tunahitaji namba fupi moja ya mitandao yote, ambayo aliyeibiwa akiibonyeza muamala wake unasimama popote ulipofika, kwa muda mfupi, wakati RB inatafutwa. Najua mtasema itatumiwa vibaya na wanaotaka kurudisha hela halali waliyolipa dukani. Ni kweli, wapo. Anayezuia kwa uongo ana NIDA na kidole chake. Ashtakiwe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo.

Sasa nije kwenye upande ambao matangazo yenu yanaupita haraka, nao ndio ninaoujua zaidi: kilichomo ndani ya simu.

Kuna simu inaletwa kwangu mwenyewe akilalamika kwamba mtandao unakula bando. Ameweka kifurushi asubuhi, mchana hakipo, vocha nayo inakatwa kwa huduma ambazo hajajiunga. Kila mtu analaumu kampuni za simu, na sitazitetea. Lakini nikiingia kwenye mipangilio nikaangalia ni programu gani imetumia data, mara nyingine nakuta tochi. Tochi ya simu inahitaji intaneti ya nini? Ukichimba unaona ina ruhusa ya kusoma meseji, kuona majina yote, kupiga simu. Hiyo ni programu ya wizi iliyovaa jina la tochi. Nyingine huja na simu kutoka kiwandani au njiani: mwaka 2020 watafiti walieleza jinsi walivyokuta programu mbovu za Triada na xHelper ndani ya simu mpya za bei nafuu zilizouzwa Ethiopia, Ghana, Misri na kwingineko Afrika, zikiwaunganisha watu na huduma za kulipia bila wao kujua. xHelper ilikuwa inarudi hata baada ya kufuta simu nzima na kuianza upya. Nani anazipima simu za bei nafuu zinazomwagwa madukani Arusha na Moshi kwa kitu kama hicho? IMEI ikiwa halali inatuambia simu ni halisi. Haituambii simu ni safi.

Zilizo nyingi, hata hivyo, zinaingia kwa mlango wa mbele. Faili la APK, yaani la kuweka programu kwenye simu bila kupitia Play Store, linatumwa kwenye kundi la WhatsApp likiwa na jina la ajira, la mkopo, la kuangalia mpira bure, hata la mwaliko wa harusi. Android yenyewe inakataa kwanza, inaonya. Ujumbe unamwelekeza mtu jinsi ya kuiruhusu ikubali. Baada ya hapo inaomba ruhusa ya Ufikivu, ile iliyotengenezwa kuwasaidia wasioona vizuri. Ukiipa programu mbovu ruhusa hiyo, inaweza kusoma kilichopo kwenye kioo na kubonyeza badala yako. Namba ya siri unayoificha kwa kiganja mbele ya wakala, yenyewe inaiona kutokea ndani. Ndiyo sababu nawaambia wateja kwamba wasiangalie antivairasi kwanza, waangalie ruhusa: nani anasoma meseji zangu, nani ana Ufikivu, nani amewekwa kuwa msimamizi wa kifaa. Ikigoma kufutika, iwashe simu kwenye hali salama, iondolee usimamizi, kisha uifute. Na Play Protect, ulinzi wa Google uliomo kwenye simu, isizimwe.

Hapa lazima niiseme fani yangu mwenyewe. Wapo mafundi wanaowawekea watu WhatsApp za kughushi, zile zinazoonyesha meseji zilizofutwa, kutoka kwenye memori kadi wasiyojua imetoka wapi. Wapo wanaozima ulinzi wa simu ili programu ipite, halafu hawaurudishi. Na pita asubuhi yoyote kwenye meza zetu uone: kila simu imebandikwa kipande cha selotepu chenye jina la mwenyewe, namba yake, na paterni ya kufungulia imechorwa kwa kalamu. Wapita njia wote wanaisoma. Leseni za ufungaji na matengenezo ya vifaa vya mawasiliano mnazo kwenye orodha yenu. Tembea Stendi Ndogo, kisha Double Road kule Moshi, uone ni wangapi wanazo. Sisemi mje na mgambo. Njooni na mafunzo ya siku mbili na ada ambayo fundi wa meza anaimudu, na cheti cha kubandika ukutani. Mteja akishajua cheti ni kipi, atatuchuja mwenyewe.

Wizi wa kuhamisha simu zinazokuingia ziende namba nyingine nao umeshamiri na wengi hawauelewi. "Mhudumu" anakupigia, anakuomba ubonyeze nyota mbili, 21, nyota, halafu namba fulani na reli (#). Ukibonyeza, simu zako zote zinakwenda kwake, ikiwemo ile inayosoma tarakimu sita za kufungulia WhatsApp yako. Dakika chache baadaye "wewe" unawakopa ndugu zako kwenye kundi la ukoo. Ukitaka kuangalia kama simu zako zimehamishwa, bonyeza *#21#. Kuondoa yote ni ##002#. Kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili. Haya yangetosha kwenye bango moja pale Mnara wa Saa, badala ya "kuwa makini".

Kuhusu mikopo ya mtandaoni sitasema mengi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zinazokopesha bila leseni, jambo jema. Lakini nyingine zinabadilisha jina na rangi ya nembo. Kinachoumiza hapo ni ile ruhusa ya kusoma majina yote ya simu, mtu akichelewa kulipa mchungaji wake na mkwewe wanatumiwa meseji za kumdhalilisha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tuna Tume yake. Kaeni nayo meza moja.

Jambo dogo la takwimu. Taarifa zenu za robo mwaka zimekuwa zikitaja Rukwa na Morogoro juu kabisa katika majaribio ya ulaghai, na huku Kaskazini tunapumua kana kwamba halituhusu. Orodha hiyo inaonyesha anakoketi tapeli. Tuonyesheni na wanakoketi waliolizwa, mkoa kwa mkoa. Nina wasiwasi tutajikuta juu, hasa Desemba, Wachaga wanapopanda nyumbani na hela ya sikukuu inapopita kwenye simu.

Mwisho, sidai mfanye yote kwa mara moja. Chagueni Jumamosi moja, siku ya soko Tengeru. Wekeni meza, waiteni maofisa wa mitandao yote wakiwa na mamlaka ya kufuta laini palepale, na kila anayepita abonyeze *106# mbele yao. Namba ambayo mwenyewe anaikana izimwe kabla hajanunua ndizi. Jioni mtangaze ni ngapi zimezimwa, na zilisajiliwa na mawakala gani. Benchi na mwavuli nitaleta mimi.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi simu, Stendi Ndogo, Arusha.

Nakala: Mafundi wenzangu, ng'oeni hizo selotepu.