Nyumba ni yake, sawa, na mtaa mzima je?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika katika ukurasa huu kwamba watu wanaolalamika kufungiwa akaunti na mitandao ya kijamii wanadeka tu. Kampuni ni mali ya watu binafsi, alisema. Wewe ni mgeni, na mgeni akionyeshwa mlango hana pa kwenda kushtaki. Nimeisoma barua yake mara mbili. Nusu yake nakubaliana nayo. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Miezi michache iliyopita nilikuwa nikibishana na mtu kwenye mtandao mmojawapo, ubishi wa kistaarabu kabisa, kuhusu wakubwa wanaohubiri kubana matumizi huku marupurupu yao hayaguswi. Nikamjibu kwa methali: "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu." Hata dakika mbili hazikupita. Chapisho likafutwa, na ujumbe ukaingia kwamba nimekiuka masharti yanayokataza kuchochea ghasia na kuwadhalilisha watu. Mashine iliona mkuki, ikaona nguruwe, ikaona mwanadamu, ikajumlisha.

Nikabonyeza kitufe cha kukata rufaa. Mahali pa kuandika utetezi hapakuwepo, ni kitufe tu. Jibu lilirudi kabla sijaiweka simu mezani: wamelipitia upya chapisho langu na uamuzi unabaki ule ule. Wamelipitia akina nani, kwa sekunde ngapi, na kwa Kiswahili cha wapi? Nikazuiwa kuandika siku 7. (Mke wangu anasema zilikuwa siku 7 nzuri sana nyumbani. Hilo sitalikatia rufaa.)

Kisa changu ni kidogo, ila kina ndugu zake wakubwa. Mwaka 2016 mwandishi wa Norway, Tom Egeland, aliweka Facebook picha zilizobadili mtazamo wa watu kuhusu vita. Mojawapo ilikuwa ile ya mwaka 1972 ya msichana mdogo wa Vietnam akikimbia uchi barabarani, mwili umeunguzwa na napalm, moto wa mabomu. Picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer. Facebook wakaifuta kwa kanuni ya kukataza picha za watoto walio uchi, na Egeland akafungiwa. Gazeti la Aftenposten lilipoiweka kwenye ukurasa wake, nalo likafutiwa. Mhariri wake, Espen Egil Hansen, akafanya kama ninavyofanya mimi leo, isipokuwa yeye alikuwa na ukurasa wa mbele: alimwandikia mkuu wa Facebook, Mark Zuckerberg, barua ya wazi, akimwita mhariri mwenye nguvu kuliko wote duniani. Waziri mkuu wa nchi hiyo, Erna Solberg, akaiweka picha ile kwenye ukurasa wake. Ikafutwa vilevile. Ndipo kelele zilipozidi, kampuni ikabadili msimamo na kuirudisha.

Kilichoirudisha picha ile ni gazeti na waziri mkuu. Mimi wa mkuki nilikuwa na kitufe.

Sasa nije kwa msomaji mwenzangu. Anasema uhuru wa kujieleza ni kinga dhidi ya serikali, wala haumhusu mwenye duka. Kwa Marekani, ambako kampuni nyingi za aina hii zimezaliwa, kisheria yuko sahihi. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanaanza kwa kulikataza Bunge kutunga sheria za kubana uhuru huo. Hayamgusi mfanyabiashara. Lakini mahakama za huko huko zimewahi kukutana na mfanyabiashara aliyemiliki zaidi ya nyumba.

Kulikuwa na mji uitwao Chickasaw, jirani na jiji la Mobile, jimbo la Alabama. Mji wote ulikuwa mali ya kampuni ya kuunda meli, Gulf Shipbuilding: nyumba, barabara, mifereji ya majitaka, mtaa wa maduka. Hata askari aliyelinda mji alilipwa mshahara na kampuni. Mpita njia asingeweza kuutofautisha na mji mwingine wowote. Mama mmoja wa Mashahidi wa Yehova, Grace Marsh, akasimama pembeni ya barabara karibu na posta akigawa vijarida vya dini yake. Akaambiwa hapo haruhusiwi bila kibali, na kibali chenyewe hatapewa. Akakataa kuondoka, akakamatwa kwa kosa la kuingia kwenye mali ya mtu. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ilimpa haki yeye, majaji 5 dhidi ya 3. Jaji Hugo Black aliandika kwamba kadiri mwenye mali anavyoifungua mali yake kwa umma ili afaidike, ndivyo haki zake zinavyobanwa na haki za wale wanaoitumia.

Najua mahakama za Marekani zimekataa kuitumia hukumu hiyo kwa mitandao ya kijamii. Nimeileta kwa sababu inajibu hoja ya ugeni. Mgeni sebuleni kwa mtu akitolewa anarudi kwake. Grace Marsh akitolewa Chickasaw alikuwa akiondolewa barabarani, kwenye posta, kwenye maduka, mahali watu walipo. Ukiniambia nihamie mtandao mwingine, nitahama na simu yangu. Ndugu, wateja na wale niliokuwa nikibishana nao watabaki kule kule. Na Facebook peke yake ina watumiaji zaidi ya bilioni 3. Hiyo si sebule ya mtu.

Halafu sheria za mwenye nyumba zenyewe hazikai. Januari 2021 Twitter, ambayo sasa inaitwa X, ilimfungia Donald Trump daima. Angela Merkel, kansela wa Ujerumani wakati huo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumdhania kuwa shabiki wa Trump, alisema kupitia msemaji wake kwamba jambo hilo lina tatizo: mipaka ya uhuru huo iwekwe na watunga sheria, isiwekwe na wakuu wa kampuni. Novemba 2022, baada ya kampuni kununuliwa na Elon Musk, akaunti ile ile ikafunguliwa baada ya mmiliki mpya kuwauliza watumiaji wake wapige kura. Mtu yule yule, maneno yale yale, kilichobadilika ni jina kwenye hati ya umiliki. Waliofurahi mara ya kwanza walinuna mara ya pili, na walionuna wakafurahi. Mimi mara zote mbili nilijiuliza swali moja: huyu anayeamua, akikosea, anamjibu nani?

Jambo linalozungumzwa kidogo ni kampuni zilizo chini zaidi, zile ambazo majina yao hatuyaoni tunaposoma. Desemba 2010, siku chache baada ya WikiLeaks, tovuti ya kuvujisha siri, kuanza kutoa nyaraka za balozi za Marekani, Amazon waliwaondoa kwenye seva zao, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, kisha PayPal, Visa na MasterCard wakafunga njia za kuwachangia fedha. Hakukuwa na hukumu ya mahakama. Mwaka 2017 kampuni ya Cloudflare, inayolinda tovuti zisiangushwe na mashambulizi, iliacha kuihudumia tovuti moja ya Wanazi mamboleo. Tovuti hiyo siitetei hata chembe, na sikuilia. Lakini mkuu wa Cloudflare, Matthew Prince, aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba aliamka na hasira asubuhi ile akaamua kuwatoa, na kwamba hakuna mtu anayestahili kuwa na uwezo huo. Ni nadra mwenye mamlaka kukiri hivyo akiwa bado ameyashika.

Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kupima. Ukurasa wa mazungumzo ya wapenda paka ukikataa picha za mbwa, ni haki yao. Mtandao wa mabilioni ya watu uwe na haki ndogo zaidi ya kuchagua nani aseme. Anayetunza seva au kupitisha malipo apungukiwe zaidi, kwa sababu huyo akikata, anakata mzizi, na wa juu hawajui hata nani kakata.

Najua nitajibiwa: kwani wewe Mhariri huchuji? Unachuja, tena bila huruma. Barua zangu 2 umeshazitupa kapuni na sijakununia. Ila jina lako lipo kwenye gazeti. Ukichapisha uongo juu ya mtu, anakushtaki wewe. Majukwaa haya yana bahati usiyokuwa nayo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996, kile kifungu maarufu cha 230, inasema yasihesabiwe kuwa wachapishaji wa maneno ya watumiaji wake, na papo hapo inayakinga yanapofuta kwa nia njema. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba kupanga na kuchuja yanayoonekana ni aina ya usemi wa jukwaa lenyewe, kama kazi ya mhariri. Basi yanahariri kama wewe na kuwajibika kama posta. Nani asingeutaka mkataba huo?

Sisemi yaachwe yote. Mwaka 2018 Facebook wenyewe walikiri kwamba hawakufanya vya kutosha kuzuia jukwaa lao lisitumike kuchochea ghasia Myanmar, ambako Warohingya waliuawa na kufukuzwa kwa maelfu. Sumu ile iliandikwa kwa lugha ambayo kampuni ilikuwa na watu wachache mno wa kuisoma. Nikikumbuka hilo, mkuki wangu unaniuma kwa namna nyingine. Ugonjwa ni ule ule: asiyejua lugha atafuta methali na ataacha mwito wa kuua, kwa sababu mwito wa kuua mara nyingi hautaji silaha hata moja.

Wala sitaki serikali ikabidhiwe makasi. Juni 2021 Twitter ilifuta ujumbe wa Rais Muhammadu Buhari wa Nigeria, na siku chache baadaye serikali yake ikausimamisha mtandao wote nchini, hadi Januari 2022. Rais alikuwa na malalamiko yake, kampuni ilikuwa na kanuni zake. Walionyamazishwa miezi 7 walikuwa mamilioni wasiokuwemo kabisa kwenye ugomvi. Ujerumani nao, kwa sheria ya mwaka 2017, walitishia faini ya hadi yuro milioni 50 kwa kampuni inayozembea kuondoa maudhui haramu, na yale ya wazi yakapewa saa 24. Anayetishiwa faini ya namna hiyo hakai kutafakari maana ya methali. Anafuta, analala.

Ninachotaka ni kidogo na kimeshaandikwa. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu Februari 2024, inailazimu kampuni kumpa mtumiaji sababu mahususi inapomfutia. Malalamiko yake hayaruhusiwi kuamuliwa na mashine peke yake. Asiporidhika, anaweza kwenda kwa chombo cha usuluhishi nje ya kampuni. Kampuni kubwa ikikaidi, faini inafika asilimia 6 ya mapato yake ya mwaka duniani kote. Hakuna mahali inapomlazimisha mtu kubeba uchafu. Inadai aliyekata aseme amekata nini, kwa nini, na mtu mwenye ujuzi unaofaa asimamie kutazamwa tena.

Programu niliyo nayo kwenye simu ndiyo aliyo nayo mtu wa Berlin. Yeye anapewa sababu, mimi napewa kitufe. Kazi ya kumjibu yeye wameshaijenga na wameshailipia. Kutufikishia sisi wengine kunahitaji watu wanaojua lugha zetu, na hapo, nadhani, ndipo mfuko unapofungwa.

Msomaji mwenzangu alimalizia kwamba asiyependa masharti asingebonyeza "nakubali". Nilibonyeza, kweli. Nilibonyeza kama tunavyobonyeza wote, bila kusoma, na hata ningesoma nisingekuta popote kwamba nguruwe amepigwa marufuku.

Mhariri, najua nimeandika kirefu na nafasi yako ni finyu. Punguza utakavyo, nitajua ni wewe uliyekata na nitajua pa kukupata. Methali tu naomba uiache.

Msomaji wako wa siku nyingi