Barua kwa Mwajuma: shamba la Kilosa, usilipe kwanza

Shoga yangu Mwajuma,

Salaam nyingi. Za Dar na joto lake? Huku wazima, mama mdogo anakusalimia, Zuhura kajifungua wa kiume (tena!). Hayo tutayaongea. Nakuandikia juu ya lile shamba, maana kwenye simu hukunipa nafasi. Ulikuwa umeshalima, umeshavuna, umeshauza.

Jumamosi nilipita kuliona. Ardhi nzuri, sikatai. Kisima kipo, na maji baridi kama alivyokusifia dalali. Alichokinyamazia ni josho, lile shimo la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Liko nyuma ya miembe, juu kidogo ya kisima, limejaa majani na maji ya mvua yaliyoota ukijani. Nikamuuliza. "Hilo? Hilo la tangu mkoloni, mama, halina shida." Sasa si ndiyo shida yenyewe hiyo!

Majosho ya enzi zile yalitiwa aseniki, sumu ya kuua kupe. Kupe walipoizoea, zikaja dawa kama toksafini, ambayo imo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001, ule wa kuzuia sumu zinazodumu. Tena aseniki haiozi wala haivunjiki, itakaa udongoni mpaka wajukuu zako wazeeke. Huko Australia, jimbo la New South Wales peke yake lina majosho ya zamani zaidi ya 1,600, na bado yanawasumbua.

Na sumu haikai shimoni tu. Ng'ombe akishatoka alisimamishwa kwenye sakafu achuruzike, na josho likisafishwa, tope lake lilichotwa kwa koleo likamwagwa hapo hapo pembeni. Nimeona kipara karibu na ile sakafu, hata magugu hayaoti. Dalali anasema ng'ombe wamekanyaga. Ng'ombe gani, na zizi lenyewe limeota mbigili mpaka kiunoni? Lakini sitaki kuzusha, huenda udongo umeshindiliwa tu. Ndiyo maana nasema tupime.

Usiniambie maji ya kisima mtachemsha, nakujua. Kuchemsha kunaua vijidudu. Aseniki inabaki, na maji yakipungua ndiyo inazidi kukolea. Haina ladha wala harufu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, sasa kwa ulimi utakijuaje?

Tuchukue udongo wa kwenye kipara, wa kando ya sakafu, na wa njiani kuelekea kisimani, wa juu na wa chini mpaka mita moja hivi. Mwingine utoke mbali, upande wa juu wa josho, wa kulinganishia, kwa sababu aseniki kidogo huwemo ardhini kiasili. Kisimani tuyatoe kwanza yaliyosimama ndipo tujaze chupa. Vipimo vifanyike kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na muwaambie mapema kwamba mnatafuta aseniki na dawa za zamani za kupe, la sivyo mtapimiwa chumvi na vijidudu mrudishwe nyumbani na karatasi safi. Bei nitakuulizia. Itauma.

Kuna mzee jirani aliyekuwa anaogesha ng'ombe pale. Huyo ndiye anajua tope lilikwenda wapi, kama siyo kwenye kile kibonde ambacho wewe... basi, sikumkuta, alikuwa msibani. Nitarudi.

Sisemi uliache. Pengine mtakata kile kipande cha juu mnunue cha chini, mchimbe kisima kingine upande wa pili. Ila josho lile, haki ya Mungu, sijalipenda.

Umeshatoa hela yoyote? Ukweli, Mwajuma! Muuzaji anasema josho lilikuwa lake au la kijiji? Kama la kijiji, anauzaje? Serikali ya kijiji wanajua? Baba Salma anasemaje? Mboga mlitaka kupanda upande gani? Na sufuria langu kubwa ulilobeba Idd, linakuja na wewe au nilihesabu limeolewa? Nijibu kabla ya Ijumaa, dalali ananipigia mimi kana kwamba mnunuzi ni mimi.

Wako,
Rehema