Mwanangu Kadzo, kuhusu ile akaunti inayolipa riba

Malindi

Mwanangu Kadzo,

Salamu kutoka nyumbani, sote hatujambo, na kaskazi imeanza kuvuma. Karatasi za akaunti ya benki ya huko Uingereza ulizonitumia nimezisoma zote, pamoja na yale maandishi madogo ya mwisho. Ifungue. Ila jua jambo moja kabla hujatia sahihi: riba ile hulipwi kwa sababu una pesa, unalipwa kwa sababu umetimiza masharti, na anayekagua ni kompyuta. Hiyo haibembelezwi.

Sharti la kwanza ni pauni 1,000 ziingie kila mwezi. Wengi wakisoma hapo hudhani pesa hizo lazima zilale humo. Sivyo, zinatakiwa ziingie tu. Unakumbuka maji ya bamvua yanavyoacha mstari wa mwani mchangani? Maji yameshakupwa zamani, lakini kila mtu anaona yalifika wapi. Benki inatazama mstari huo. Pauni 1,000 zikiingia asubuhi na kutoka jioni, mwezi wako umetimia.

Kwa hiyo mshahara uache uendelee kuingia akaunti yako ya zamani, tarehe 25. Huko weka agizo la kudumu, yaani benki itume yenyewe kila mwezi, la pauni 1,000 kwenda akaunti mpya kila tarehe 3, na kwenye akaunti mpya weka agizo jingine la kuzirudisha tarehe 8. Najua utataka kuweka tarehe 27, mara tu baada ya mshahara. Usifanye hivyo. Agizo la kudumu likiangukia wikendi au sikukuu ya benki husubiri siku ya kazi inayofuata. Tarehe 27 Februari 2027 ni Jumamosi: pesa zitaondoka Jumatatu, tarehe 1 Machi. Februari itakuwa tupu, na Machi itapata maingizo mawili yasiyokusaidia. Ukianza mapema mwezini, hata Pasaka ikiingilia kati bado una wiki tatu za kurekebisha. Zile siku tano kati ya 3 na 8 zina kazi hiyo hiyo, pesa zisiambiwe zirudi kabla hazijafika.

Mwezi ambao kodi ya nyumba imeubana mshahara, lisimamishe agizo la tarehe 3 kabla ya siku yake, na la tarehe 8 pia, kisha chukua pauni 1,000 kutoka akaunti mpya yenyewe, zitume ya zamani, uzirudishe siku hiyo hiyo. Kwa kawaida huchukua dakika chache. Ukiliacha agizo litoke kwenye akaunti isiyo na kitu, ama litakataliwa, ama utaingia kwenye ovadrafti, yaani deni la benki, na ovadrafti za huko nyingi hutoza karibu asilimia 40 kwa mwaka. Siku chache tu za deni hilo hula riba ya wiki nzima.

Na pesa zitoke benki nyingine. Kuhamisha kutoka akaunti yako ya akiba iliyo benki hiyo hiyo hakuhesabiwi, imeandikwa kwenye karatasi zako ukurasa wa pili.

Sharti la pili ndilo linalowaangusha wengi: dairekti debiti mbili kila mwezi. Usichanganye na agizo la kudumu. Agizo la kudumu unasukuma wewe, kiasi na tarehe unapanga wewe. Dairekti debiti anavuta anayekudai, kwa ruhusa uliyompa. Pia kuna malipo ya filamu au muziki yanayokatwa kila mwezi, na ukiyatazama utadhani ni yale yale. Angalia ulitoa namba gani ulipojiunga. Ukitoa namba 6 za tawi na namba 8 za akaunti, hiyo ni dairekti debiti. Ukitoa zile namba ndefu za kwenye kadi, siyo, hata ikikatwa tarehe ile ile mwaka mzima. Kwenye taarifa ya akaunti, mara nyingi utaona herufi DD kando ya malipo yenyewe.

Simu na umeme zinafaa. Kodi ya halmashauri usiitegemee, kwa kuwa kwa kawaida hulipwa kwa mafungu 10, kuanzia Aprili hadi Januari. Februari na Machi hakuna kinachovutwa, na karatasi zako zinasema malipo lazima yatoke kweli ndani ya mwezi, haitoshi kwamba ruhusa ipo. Ongeza ya tatu iwe akiba, mfano mchango wa pauni 2 kwa shirika la hisani unalolipenda. Moja ikikosa, mbili zitabaki.

Sasa faida. Riba ni asilimia 5 kwa mwaka, lakini kwa pauni 1,500 za kwanza tu. Hesabu hufanywa kila usiku kwa salio lililobaki, na kwa pauni 1,500 ni kama peni 20 kwa usiku, pauni 6 hivi kwa mwezi. Pauni ya 1,501 haipati kitu, hivyo kinachozidi kipeleke akaunti ya akiba. Na pesa za kututumia huku zitoe akaunti ya zamani, usiiguse hii.

Ile akaunti ya pili uliyoniuliza, yenye ada ya pauni 5 kwa mwezi, iache. Ada ni pauni 60 kwa mwaka. Riba yake, asilimia 3 ya pauni 2,000, ni pauni 60 vile vile. Utahangaika na masharti mwaka mzima uambulie sufuri.

Kodi isikutie hofu. Hapa Kenya benki hukata asilimia 15 ya riba kabla hujaiona. Huko, tangu Aprili 2016, riba hulipwa nzima, na mtu wa kiwango chako cha kodi ana msamaha wa pauni 1,000 za riba kwa mwaka.

Mwenzako wa Lamu mnayekaa naye, kama dini yake inamkataza riba, usimshawishi. Uingereza zipo benki za Kiislamu kwa wateja wa kawaida tangu 2004, zinagawa faida badala ya riba. Aulize huko.

Kiwango hiki cha asilimia 5 ni cha miezi 12 tangu siku ya kufungua, kisha kinashuka hadi asilimia 1. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu, wiki mbili kabla, uanze kutafuta nyingine. Na ukishaweka yale maagizo mawili, nipigie picha ukurasa wake unitumie, nizione tarehe kabla ya tarehe 3 kufika.

Mamako