Simu ya kazi ipimwe kwa maongezi na barua pepe, si kwa kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonigharimu fedha, na ambalo naamini linawagharimu wafanyabiashara wadogo wengi hapa Dodoma bila wao kutambua kwamba chanzo chake kimo mifukoni mwao.

Ninatengeneza meza, viti na makabati ya ofisi katika karakana iliyopo Kizota. Zamani wateja wangu walikuwa shule, makanisa na majirani, na biashara yote ilimalizika kwa kuonana au kwa simu ya kitochi. Tangu mwaka 2016, Hayati Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, na hasa baada ya majengo ya wizara kuanza kuinuka Mtumba, amekuja mteja wa namna nyingine. Huyu anaandika barua pepe kuomba profoma, yaani ankara ya awali ya bei, anaambatisha vipimo, anataka jibu siku hiyohiyo, na akiona kimya hamsubiri mtu bali anahamia kwenye jina linalofuata katika orodha yake.

Mwaka jana taasisi moja iliniandikia saa tatu na dakika kumi asubuhi ikiulizia bei ya makabati 40 ya chuma, na mwisho wa kupokea majibu ulikuwa saa nane mchana. Simu yangu ilikuwa mezani, chaji asilimia 70, bando lipo, mtandao umesimama vizuri, nami nilikuwa hatua chache tu nikipinda mabati na vijana wangu. Saa tisa kasoro nilipoishika ili nimpigie muuza rangi, barua sita ziliingia kwa mkupuo, na ile ya makabati ikiwa miongoni mwake. Nilipopiga kuomba radhi, afisa aliyepokea alinijibu kiungwana: “Kaka, tumeshafunga. Safari nyingine tutakukumbuka.” Sijapata barua nyingine kutoka kwao hadi leo.

Kwa miezi kadhaa niliulaumu mtandao, hata nikabadilisha laini. Ni fundi mmoja wa simu pale Sabasaba aliyenifumbua macho kwa kuuliza swali moja: je, barua huingia zote pamoja pale tu unapoiwasha skrini? Nilipokubali, akaniambia laini haina kosa. Simu ilikuwa imelala.

Maelezo yake nayatoa kwa lugha ya watu wa ofisi za zamani. Barua pepe huifikia simu kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, posta yenyewe inabisha hodi kwako kila barua inapofika. Katika ya pili, simu inamtuma tarishi kwenda kuchungulia sanduku kila baada ya dakika 15 au 30, na anuani nyingi za kampuni ndogo, zile zinazokaa kwenye seva (kompyuta inayotunza barua) ya mtu aliyekutengenezea tovuti, hutegemea tarishi huyu. Sasa, tangu Android toleo la 6, lililotoka mwaka 2015, simu ikiachwa mezani bila kuguswa, skrini ikiwa imezimika na haipo kwenye chaja, mfumo wake hupunguza safari za tarishi ili kuokoa betri, na kadiri inavyozidi kutulia ndivyo safari zinavyozidi kuwa za nadra. Baadhi ya watengenezaji wameongeza ukali wao juu ya huo, kiasi kwamba programu usiyoifungua mara kwa mara hufungwa kabisa kwa nyuma. Ndiyo sababu simu hizo husifiwa kwamba zinakaa na chaji siku mbili. Zinakaa kweli, lakini sehemu ya chaji hiyo imetoka kwenye kazi zako ambazo hazikufanyika.

Dawa yake ipo na haina gharama: unaingia kwenye mipangilio ya betri, unaitafuta programu ya barua pepe, unairuhusu ifanye kazi wakati wote bila kizuizi. Tatizo ni kwamba kuna simu ambazo mpangilio huo umefichwa sehemu tatu tofauti, na nyingine hujirudisha zilivyokuwa baada ya kusasishwa. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza cha simu ya kazi, na sijawahi kukiona kimeandikwa kwenye boksi wala kwenye bango lolote.

Nilipokwenda kununua simu nyingine, kijana wa dukani alinipokea kwa adabu zote. “Shikamoo mzee, hii kamera yake ni balaa, hata usiku unapiga picha kama mchana.” Nikamuuliza kama naweza kuweka laini yangu nipige simu moja kabla ya kulipa. Akaniangalia kama niliyeomba kuonja gunia la saruji. Nikazunguka maduka manne, na ni moja tu lililonikubalia. Sina ugomvi na kamera, maana hata mimi hupiga picha kabati likikamilika nikamtumia mteja. Lakini kamera ya kawaida inatosha kwa kabati, wakati maongezi yasiyosikika hayatoshi kwa lolote.

Kuhusu maongezi yapo mambo ambayo mfanyabiashara wa mkoa huu hana budi kuyajua. Wengi wetu tunatembea na laini mbili, kwa sababu mtandao ulio imara mjini unaweza kuwa hafifu ukielekea Mpwapwa kwenye milima yake, na ule wa Kondoa ukawa si ule wa Bahi. Simu ya laini mbili ni jambo jema. Ila simu nyingi za aina hii, ingawa laini zote husubiri kupigiwa, hutumia redio moja, yaani kinasa mawimbi kimoja, kwa maongezi: ukiwa unaongea kwenye laini ya kwanza, anayepiga ya pili anaambiwa hupatikani. Mimi nilikuwa nimeandika namba zote mbili kwenye kadi yangu ya biashara, na nilishangaa kwa nini wateja wananilalamikia kwamba nazima simu mchana kweupe. Siku hizi laini ya pili nimeielekeza ihamishie simu kwenye ya kwanza kila isipopatikana, na ya kwanza nimeiwashia mlio wa simu inayosubiri. Kuhamisha kuna gharama yake ndogo, lakini ni afadhali hiyo kuliko kuitwa mtu wa kuzima simu.

La pili ni kupiga simu kupitia 4G yenyewe. Simu isiyoweza hilo, au iliyotoka nje na haitambuliwi na mtandao wako kwa huduma hiyo, hushuka kwenda 3G au 2G kila unapopiga au kupigiwa. Ikishuka hadi 2G intaneti hukatika wakati wa maongezi, kwa hiyo mteja anayekwambia “nimekutumia sasa hivi, fungua tuangalie wote” atakusubiri mpaka mkate simu. Ulizia kwa mtoa huduma wako kama aina ile ya simu inakubalika kabla ya kutoa fedha, kwa maana muuzaji hawezi kukujibu kwa uhakika na wala si kosa lake.

La tatu ni kelele. Simu nzuri kwa maongezi huwa na kinasa sauti zaidi ya kimoja: kitundu kimoja chini karibu na mdomo, kingine juu au nyuma, ambacho kazi yake ni kusikiliza kelele za pembeni ili zipunguzwe kwenye sauti yako. Nyingi za bei ya chini huwa na hicho cha chini tu. Nimejaribu simu mbili nikiwa nimesimama mahali pamoja, grenda ikikata chuma nyuma yangu, na mke wangu akisikiliza upande wa pili. Kwa moja alinisikia nikitaja vipimo, kwa nyingine alisema anasikia mashine inayoongea. Hizo mbili zilipishana bei kwa shilingi 60,000 tu.

Wapo wenzangu wanaokimbilia iPhone zilizotumika, kwa hoja kwamba ni imara na barua pepe zake hazilali. Sehemu kubwa ya hoja hiyo naikubali. Waangalie tu kwamba iPhone 14 na zilizofuata, kwa zile zilizotengenezwa kuuzwa Marekani, hazina kabisa sehemu ya kuchomeka laini. Zinatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyojengwa ndani ya simu. Jirani yangu aliinunua moja kwa mtu aliyekuja nayo kutoka safari, akaigeuza pande zote akitafuta tundu, na ilimchukua wiki nzima ya kwenda na kurudi ndipo namba yake ya biashara ikaingia. Mwaka 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na tangu hapo sote tulifundishwa kubonyeza *#06#, kuisoma IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15, na kuituma kwenda 15090 kujua kama simu ni halisi. Nashangaa mafunzo yale yamesahaulika haraka hivi. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, zikague zote, na zifanane na zilizo kwenye boksi na kwenye risiti.

Kuna swali lingine ambalo muuzaji haulizwi: simu hii itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani? Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi miaka saba, na Samsung ikaahidi hiyohiyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024, lakini simu nyingi za bei ya chini hupewa miaka miwili au mitatu, tena ikihesabiwa tangu aina hiyo ya simu ilipoanza kuuzwa na si tangu wewe uliponunua. Wenye umri wangu wanaikumbuka BlackBerry, iliyoanza mwaka 1999 kama kifaa cha barua pepe na ikaja kuwa alama ya wakubwa wa benki na mashirika. Vibonye vyake vilikuwa vitamu kuandikia, na mpaka leo sijaona skrini iliyovishinda. Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ilizima huduma zilizoendesha simu zake za zamani, na kuanzia siku hiyo hata kupiga simu na kutuma ujumbe kukawa hakuna uhakika, ingawa kifaa chenyewe kilikuwa kizima.

Jua la Dodoma nalo lina neno lake. Mwezi Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari inaungua kwa kuishika. Apple wenyewe wanasema simu zao zitumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na betri ya lithiamu inayozoeshwa joto kali hupoteza sehemu ya uwezo wake usirudi tena. Na kabla ya kununua, toka nayo nje ya duka, fungua barua yenye kiambatisho, uisome ukiwa juani. Kama husomi, huwezi kuthibitisha vipimo ukiwa kwa mteja.

Nimalizie kwa kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nawalaumu wengine tu. Simu ya kwanza niliiunganisha na anuani ya karakana kwa njia ya POP badala ya IMAP, ambazo ni namna mbili za simu kuchukua barua kwenye seva, kwa kuwa nilibonyeza la kwanza nililoliona. POP, jinsi ilivyopangwa kwangu, ilikuwa ikishusha barua kwenye simu na kuifuta kwenye seva. Binti yangu anayeandaa ankara kwenye kompyuta alikuwa akiona sanduku tupu, nami nikimgombeza kwamba hafungui barua. IMAP huacha barua kwenye seva, kwa hiyo simu na kompyuta huona kitu kimoja, na simu ikiibiwa barua haziibiwi nayo. Nimeshamwomba radhi.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kuhusu ukurasa wenu wa teknolojia. Nimekuwa nikiusoma kwa makini, na kila simu mpya inapoelezwa tunapewa megapikseli za kamera, ukubwa wa skrini na rangi zilizopo. Tunaomba mwandishi wenu aongeze vipimo vitatu: aiache simu mezani kwa saa nne bila kuigusa na atueleze barua iliyotumwa ilichelewa dakika ngapi, apige simu akiwa kwenye kelele, na akiwa anaongea kwenye laini moja, mtu ampigie kwenye ya pili. Kama akikosa mahali penye kelele ya kutosha, sisi hapa Kizota grenda huanza saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi, na kiti cha kukalia hakitakosekana.

Mtengeneza samani,
Kizota, Dodoma