Elfu 15 kwa kukaa na kusimama tu?

Mimi kazi yangu ni kufanyisha wazee mazoezi majumbani kwao, na simu za kulalamikia bei hazikauki. Wiki iliyopita simu ile ile imenijia tena, safari hii kijana yuko Dar, mama yake anakaa huku Ngamiani, Tanga, anaongea kama mtu aliyeibiwa: we kaka, elfu 15 kwa siku moja, na mama anasema unamkalisha kwenye kiti unamsimamisha, basi? Nikamwambia ndo kazi yenyewe hiyo. Ila hakuniuliza kwa nini mwezi uliopita kile kiti kilikuwa na mito miwili na sasa hivi kimebaki na mmoja: kiti kikishuka kusimama kunakuwa kugumu zaidi, na mama anaweza.

Siku ya kwanza nilimpima huyo mama kusimama na kukaa mara 5, mikono kifuani. Zikizidi sekunde 15 ujue miguu ishaanza kuisha nguvu, yeye hata ya pili hakufika, akashika meza. Na mzani unasoma kilo zile zile za miaka yote, hapo ndo unapodanganya watu, msuli umeondoka mafuta yamekaa mahali pake.

Insulini, homoni ya mwili, watu wanaijua kwa sukari tu. Kwenye msuli inagonga hodi sukari iingie, halafu inauzuia msuli usijile wenyewe. Uzeeni, hasa kwa mtu wa kukaa tu, msuli unakuwa mzito wa kusikia, hodi inapigwa ndani kimya. Sukari inabaki kwenye damu maana msuli ndo ghala lake kubwa, na ghala lenyewe linazidi kuwa dogo. Msuli ukifanyishwa kazi unafungua mlango bila kungoja insulini, na kesho yake bado unasikia vizuri, keshokutwa unaanza kusahau. Ndo maana nakuja mara 3 kwa wiki, sitafuti nauli.

Sasa njia ya mkato. Mzee mmoja wa Makorora, fundi baiskeli wa zamani, wanawe walinisimamisha wiki ya tatu wakaona bora akandwe mafuta, bei rahisi. Kukandwa kunaliwaza, sikatai, mimi mwenyewe nakandwa, ila msuli haujengeki hivyo. Tena kwa kuwa ana sukari wakamwekea chai ya rangi na kipande cha muhogo, samaki wanakula wajukuu! Mzee ndo anahitaji samaki, maharage, yai, tena kuliko kijana, maana msuli wake ukipewa kidogo haushtuki. Akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Hela ya hospitali ingenilipa mimi mwaka mzima na chenji inabaki.

Wengine wananiambia bibi ni mzee mno. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani walitoa matokeo ya wazee wa miaka 90 hivi waliofundishwa kunyanyua uzito wiki 8, waliomaliza walikuwa 9, nguvu za miguu zikapanda wastani wa asilimia 174. Bibi yako ana 74.

Na kwenye ile elfu 15 kuna stripu za kupimia sukari, sianzi bila kupima. Kuna mama alishachoma insulini, hajala, akanificha ili tuwahi kumaliza, seti ya pili tu akaanza kutetemeka na jasho la baridi, tukakimbilia sukari ya chai. Kwa hiyo niambieni mmechoma saa ngapi na mmekula nini, dozi muulizeni daktari siyo mimi, na kiti mniwekee cha mbao, cha plastiki kinateleza.