Zuhura mwanangu, mpeleke mtoto akapigwe picha

Zuhura mwanangu,

Meseji zako za jana nimezisoma zote na ile voisi ndefu nimeisikiliza mpaka mwisho, pole sana mama, na mpe pole mjukuu wangu. Mtoto akidondoka akajikinga kwa kiganja alafu pakavimba pale juu ya kifundo cha mkono, hilo tumeliona sana, watoto wa rika lake ndo wanapovunjikia hapo na wengi wanapona vizuri tu. Tatizo ni kwamba daktari kaandika eksirei na mzazi mwenzangu, bibi yake, kagoma. Kasema mionzi itamharibu mtoto uzazi, na kama kweli haina shida mbona wale wapigaji wenyewe wanakimbilia nyuma ya ukuta. Sasa hapo kanigusa mimi kabisa maana nimekimbilia nyuma ya ukuta huo tangu hujazaliwa mpaka nastaafu, wala sijaudhika, ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa kazini. Kwaiyo naandika kirefu ili umsomee, na umsomee kwa adabu, usianze na "baba kasema" kwa ile sauti yako.

Eksirei ni mwanga, tofauti yake jicho haliuoni na una nguvu ya kupenya nyama. Ndani ya mashine kuna tyubu iliyoondolewa hewa yote, upande mmoja kuna waya mwembamba unapashwa moto mpaka unaanza kutoa elektroni, yani chembe ndogo sana za umeme, alafu unawekwa umeme wa volti nyingi mno, kwa mkono wa mtoto ni kama 50,000 na kwa kifua cha mtu mzima tunafika 110,000 au 120,000, zile elektroni zinavutwa kwa kasi ya ajabu zinaenda kugonga sahani ya chuma kinaitwa tungsteni upande wa pili. Zikigonga zinasimamishwa ghafla na nguvu yao lazima itoke. Karibu asilimia 99 inatoka kuwa joto, hiyo moja iliyobaki ndo eksirei yenyewe, yani mashine yote ile ya mamilioni kazi yake kubwa ni kuchemka. Ndo maana ikachaguliwa tungsteni ambayo haiyeyuki mpaka upite nyuzi 3,400, na ndo maana sahani inazungushwa maelfu ya mizunguko kwa dakika ili isiungue sehemu moja. Ule mlio wa vuuuu mtakaousikia kabla ya picha ni sahani inaanza kuzunguka, mwambie mtoto mapema asije akashtuka akatikisa mkono, picha ikaharibika ikabidi irudiwe.

Sasa hili ndo la kumwambia bibi kwanza. Kitufe kikiachiwa, eksirei imeisha. Haibaki chumbani, haibaki kwenye nguo, haibaki mwilini mwa mtoto. Nimeona watu wakitoka kupigwa picha wanaenda kununua maziwa eti ya kusafisha mionzi, mi nilikuwa nawaacha wanywe, maziwa hayana ubaya, ila hakuna cha kusafisha.

Na picha inatokeaje, ni kivuli tu, kama enzi zile umeme ukikatika ukawa unawachezea wadogo zako vivuli vya mikono ukutani kwa koroboi. Mkono wa mtoto unawekwa katikati, mionzi inatoka juu, chini kuna sahani ya kupokea. Nyama nyingi ni maji na kaboni, atomu nyepesi, mionzi mingi inapita. Mfupa umejaa kalsiamu ambayo ni nzito zaidi, unaizuia mingi, kwaiyo pale panabaki peupe. Hewa inaachia karibu yote ndo maana mapafu yanatoka meusi, mafuta ni kijivu cha giza, na chuma ni nyeupe kabisa, ndo maana hela ya sarafu aliyoimeza mtoto unaiona mpaka mduara wake. Kwaiyo akienda avuliwe bangili, saa, na kama bibi yake kamfunga kitu mkononi kifunguliwe kwa muda, atarudishiwa.

Siku hizi sahani ni ya kidijitali, sekunde chache picha ipo kwenye kompyuta. Sisi tulianza na filamu na darkrumu, dawa ya kusafishia inanuka mpaka mama yako alikuwa hanikaribishi mezani kabla sijaoga.

Aliyeigundua ni Mjerumani mmoja, Wilhelm Röntgen, pale Würzburg, Novemba 1895, alikuwa anacheza na tyubu yake ameifunika kwa karatasi gumu jeusi, akashangaa bango lenye dawa lililokuwa pembeni linang'aa gizani wakati hakuna mwanga unaotoka. Desemba ile ile akapiga mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana na pete kidoleni. Hakuchukua hataza, akaacha kila mtu atumie, na 1901 akapewa Nobeli ya fizikia ya kwanza kabisa. Mwaka 1896 haujafika mbali tayari madaktari Ulaya na Marekani walikuwa wanatafutia mivunjiko na risasi mwilini. Na hapa ndo hofu ya bibi ilipozaliwa, kwa haki kabisa, maana wale wa mwanzo waliichezea. Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, alikuwa na msaidizi wake, Clarence Dally, alikuwa anajaribu tyubu kwa kuweka mikono yake mwenyewe, siku baada ya siku kwa miaka, mikono ikaungua, ikaingia kansa, ikakatwa, na 1904 akafariki. Edison akaachana na eksirei kabisa. Kwaiyo mzazi mwenzangu haogopi hewa. Ila anaogopa dozi ya Dally, wakati mjukuu wetu hapewi dozi ya Dally.

Tuongee dozi basi. Tunaipima kwa milisiveti. Binadamu hata asipokanyaga hospitali anapata mionzi ya asili, kutoka ardhini, angani, kwenye chakula, wastani wa dunia ni kama 2.4 kwa mwaka. Picha ya kifundo cha mkono ni kama 0.001. Piga hesabu mwenyewe, ni sawa na mionzi ya asili ya masaa matatu manne hivi, yani muda atakaokaa kwenye foleni ya dirisha la malipo. Kifua ni kama 0.02, siku tatu. Na uzazi uko mbali, kabla ya kupiga mtaona fundi anawasha taa yenye msalaba juu ya mkono, ile taa inaonyesha mionzi itaishia wapi, anaibana iwe ndogo ya kutosha mkono tu.

Sasa mbona tunakimbia? Kwa sababu mtoto anapigwa mara moja na mimi nilikuwa napiga watu kutwa nzima, mwaka mzima, miaka yote ile. Mionzi ikigonga mwili wa mgonjwa kidogo inatawanyika pembeni, ni kidogo sana, lakini kidogo mara elfu na elfu sio kidogo tena. Umbali pekee ni dawa, ukiuongeza mara mbili dozi inashuka mpaka robo, ukiongeza ukuta wenye madini ya risasi ndo basi. Alafu kifuani tulikuwa tunavaa kibeji cha kupimia kinapelekwa Tume ya Nguvu za Atomu kusomwa, ungekuwa unakula mionzi kupita kiasi ungejulikana. Anayekimbia ni mfanyakazi anayejua hesabu ya maisha yake, sio mtu anayemkimbia mtoto wako akamwacha motoni.

Mtu wa kumshika akiwa analia avae aproni ya risasi. Na we Zuhura, kama una habari hujatuambia sisi wazee, usimshike, mwambie fundi kabla na aingie baba yake.

Watapiga picha mbili, ya juu na ya ubavu, msije mkadhani wanawaongezea bili. Mfupa unaweza kuvunjika ukabaki umelala sawasawa, picha ya juu ikaonekana nzima kabisa na ya ubavu ukaona umepinda. Fundi anayepiga moja tu mwambie arudie, sema umetumwa na mimi. Alafu mifupa ya watoto ina mistari myeusi karibu na ncha, ile ni gegedu, sehemu inayokua, sio ufa, nimeona watu wanaisoma picha wenyewe kwenye daladala wanalia mtoto kavunjika sehemu nne. Kinyume chake, mfupa wa mtoto ni laini, unaweza kukunjika upande mmoja tu au kujikunyata bila kukatika, ukauona kauvimbe kadogo pembeni, huo ni mvunjiko kweli na mtu asiyezoea anaupita. Ndo maana sitaki apelekwe kwa yule mzee wa kuunga mifupa kabla ya picha, akivuta mkono bila kujua umekaaje anaweza kuharibu hiyo sehemu ya kukua na mkono ukabaki mfupi. Hilo la uzee wake wa heshima halinihusu.

Ila kuna kitu nakubaliana na bibi na umwambie hivyo hivyo. Watu wetu wanapenda picha kupita kiasi, mtu kiuno kinauma tangu juzi anataka apigwe, asipopigwa anasema hajatibiwa, na wapo wanaoandika siti skani kwa sababu tu bima inalipa. Siti skani ni eksirei hiyo hiyo inazunguka mwili na kompyuta inakata vipande, Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyeibuni, alimpiga mgonjwa wa kwanza London 1971, kifaa cha maana sana kwa ajali ya kichwa, lakini ya tumbo moja ni kama milisiveti 8 hadi 10, yani vifua mia nne na zaidi. Na mtoto anadhurika kirahisi kuliko mtu mzima. Kwaiyo siku wakikuandikia hiyo uliza, picha hii inatafuta nini, na ikipatikana matibabu yatabadilika? Kama hana jibu, uliza kama ultrasaundi inatosha, ile haina mionzi kabisa, MRI pia haina. Kwa mkono wa mjukuu wangu swali lipo wazi, umevunjika au la, umepinda kiasi gani, hogo, ile plasta ngumu, linatosha au lazima unyooshwe kwanza. Bila picha daktari anabahatisha.

Mkumbushe pia bibi kikohozi chake cha mwaka juzi, TB ilionekanaje kifuani kabla ya makohozi kujibu. Na shangazi yako anayechomwa mionzi Ocean Road, ile hospitali ya kansa Dar, ile ni jamaa ya hii hii, ila volti zake ni mamilioni na inaelekezwa kuua uvimbe, sio kupiga picha. Hapo ndo dozi inakuwa kubwa kwa makusudi.

Kesho asubuhi muende, msingoje Jumatatu. Wakimfunga hogo anyanyue mkono juu ya mto usiku, na vidole vikiwa vya baridi, vya bluu, vikifa ganzi au akilia maumivu yanazidi, rudini saa hiyo hiyo hata iwe saa nane usiku, hogo limebana. Wakisema arudi baada ya wiki apigwe tena arudi, mfupa huwa unateleza ndani ya hogo. Omba filamu au wakuwekee kwenye sidii, wakikataa piga kwa simu picha zote mbili ukiwa umeziweka dirishani penye mwanga sawa, unitumie. Hela nimeshatuma kwenye namba ya mumeo maana yako ilikataa.

Baba yako